Mjukuu wangu, uweke chini huo udongo

Njoo ukae hapa karibu yangu, mjukuu wangu. Usiufiche kwenye pindo la kanga. Nimekwisha kuona weupe pembeni mwa midomo yako, na nimeisikia harufu ya pemba uliponiamkia.

Sitakugombeza. Nakuomba unisikilize tu, maana njia uliyoishika nimeona inakoishia.

Najua inavyoanza. Mimba bado changa, mate yanajaa mdomoni, harufu ya mafuta ya kukaangia inakufukuza jikoni. Unapita sokoni, unakuta pemba zimepangwa kwenye ungo kando ya dagaa. Shoga yako anakwambia kula, inaongeza damu. Unakula kipande. Mwezi wa pili unakula kipande kila baada ya chakula, na mwezi wa nne unaamka usiku wa manane kupapasa chini ya mto.

Wala hauko peke yako. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliwauliza wajawazito 275 katika miaka ya 1990, na zaidi ya nusu wakasema wanakula udongo mara kwa mara. Huku kwetu Geita, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta karibu nusu ya wajawazito walioulizwa wanakula. Wakenya wanauita odowa, sisi tunauita pemba. Lakini wingi wetu usikufariji, mwanangu. Kupotea na wenzako hakufupishi njia ya kurudi.

Wanaokwambia udongo una madini hawasemi uongo, na hapo ndipo mnaponaswa. Una madini kweli. Sehemu kubwa ya pemba nyeupe ni kaolini, yaani alumini na silikoni zilizoshikamana na oksijeni, vitu ambavyo damu yako haina haja navyo. Ule mwekundu una chuma, na chuma hicho ndicho kinachoupa rangi. Lakini ni chuma cha kutu, mjukuu wangu. Hakiyeyuki vizuri tumboni, na kinachofika kwenye damu ni kidogo mno.

Baya zaidi ni kwamba udongo ukishafika tumboni hufanya kazi ya ulimbo. Chuma cha mboga na maharage kikipita karibu, hunasa. Zinki hunasa. Kile kidonge cha kuongeza damu ulichopewa kliniki, ukikimeza asubuhi kisha ukatafuna pemba, nacho hunasa, na vyote hutoka pamoja chooni. Madaktari waliupima udongo wa Uturuki wakachapisha matokeo mwaka 1968: aliyekula udongo alifyonza chuma kidogo kuliko asiyekula. Unajaza tumbo, unaishindisha damu njaa.

Ngoja nikueleze habari ya kijana mmoja wa Iran, maana naikumbuka kila ninapomwona mtu anatafuna udongo. Mwaka 1958, katika mji wa Shiraz, daktari aitwaye Ananda Prasad alioneshwa mgonjwa mwenye umri wa miaka 21. Ukimtazama ungedhani ni mtoto wa miaka kumi. Hakuwa ameota ndevu, hakuwa na dalili yoyote ya kubalehe, na damu ilikuwa imemwishia. Chakula chake kilikuwa mkate mtupu, nyama haijui, na juu ya mkate huo alikuwa anakula udongo karibu nusu kilo kwa siku.

Nusu kilo kila siku! Prasad aliwakuta vijana wengine wa namna hiyo. Walipopewa dawa ya chuma na chakula chenye nyama, damu yao ilirudi, na miili iliyosimama miaka yote ile ikaanza kukua. Daktari huyo alishuku kwamba zaidi ya chuma walikuwa wamekosa zinki pia, na kazi aliyoifanya baadaye Misri ikathibitisha kwamba mtu akikosa zinki hudumaa. Sasa fikiria. Kama udongo uliweza kuusaidia umaskini kumzuia kijana mzima asikue, huyo uliye naye tumboni, anayejengwa vidole na ubongo hivi sasa, atajengwa kwa kitu gani?

Nakuomba, uweke chini.

Na hapa kwetu kuna jambo jingine la kutisha. Ardhi yetu ya Geita ina dhahabu, na miamba yenye dhahabu mara nyingi hubeba aseniki. Wachimbaji wadogo nao hutumia zebaki kukamatia dhahabu, na nyingine huishia ardhini. Wale watafiti walipoupima udongo unaoliwa na wajawazito wetu, waliikuta aseniki humo. Katika udongo unaouzwa kwingineko imekutwa risasi pia. Ndiyo maana hata huko Uingereza, ambako maduka ya vyakula vya Kiafrika huuza udongo huo kwa wenzetu, mamlaka ya usalama wa chakula iliwaonya wajawazito wasiule.

Risasi haina kiasi salama, mwanangu. Hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ikamharibu ubongo kabla hajaliona jua. Kwako wewe hujificha mifupani miaka na miaka, na ukibeba mimba nyingine, mifupa ikitoa kalsiamu ya kumjenga mtoto, huitoa na risasi humo humo. Sumu ya mimba hii inamsubiri mdogo wake.

Usiniambie kwamba umeuchoma kwanza. Moto unaua mayai ya minyoo, na ni heri kuliko kuula mbichi. Lakini risasi haifi kwa moto, wala aseniki ya udongoni huiondoi kwa moto wa jikoni. Na usiniambie kwamba hospitali nazo zilitoa kaolini. Walipewa wanaoharisha, ikiwa imesafishwa na kupimwa, kwa siku chache. Wewe nani amekupimia?

Udongo mbichi nao una wakazi wake. Mchango mmoja jike hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku, na mayai hayo hukaa udongoni miaka yakisubiri mdomo. Magharibi mwa Kenya walionekana watoto wa shule wanaokula udongo wakipewa dawa ya minyoo, kisha wakapata mchango tena. Mdogo wako wa miaka mitano anakutazama unavyotafuna. Watoto hawaigi tunayosema.

Sitasema mengi juu ya tumbo kufunga, unalijua wewe mwenyewe unayekaa chooni mpaka machozi yanakutoka. Jua tu kwamba wapo waliopasuliwa kwa sababu udongo uliganda utumboni.

Ninachokiogopa hasa ni siku ya kujifungua. Nimekaa na wazazi wengi. Mwenye damu ya kutosha akitokwa na damu, anapepesuka lakini anarudi. Aliyefika na damu kiduchu hana akiba. Kiasi kile kile ambacho mwenzake anakivumilia, yeye kinamzimisha, na ndugu wanabaki kukimbizana usiku kutafuta wa kuchangia. Nimewaona wasichana wenye macho meupe kama yako yalivyo leo. Wengine sikuwaona tena. Usinipe mimi kazi ya kumlea mtoto wako, nimezeeka.

Uweke chini, mjukuu wangu.

Najua hamu ile si ulafi, wala hujalogwa. Mara nyingi ni mwili wenyewe unalia kwa kukosa damu, na wewe unaubembeleza kwa kitu kinachozidi kuipunguza. Wengi wakitibiwa damu, hamu nayo hupungua. Kwa hiyo usione haya. Kesho nenda kliniki, na kabla hawajakuuliza, waambie: nakula udongo. Waambie tangu lini, kiasi gani kwa siku, umenunua wapi, mweupe au mwekundu. Omba wapime damu. Ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, waulize utafanya nini, usiondoke na kadi tu. Uliza na dawa ya minyoo. Vidonge vyako umeze kwa maji, chai ije baadaye. Dagaa, maini na maharage tutakupikia hapa nyumbani, mchicha utauchuma nyuma ya nyumba, limau lipo la kukamulia.

Hamu ikikushika usiku, niamshe. Silali sana siku hizi.