Usitaje Jina Bado

Ndani ya Return of the Obra Dinn kuna watu 60, na unapoanza kucheza, wote ama wamekufa ama hawajulikani walipo. Ni gemu ya kompyuta aliyoitengeneza Lucas Pope, Mmarekani anayeishi Japani, karibu yote kwa mikono yake mwenyewe, ikatoka Oktoba 2018. Meli ya biashara iliyopotea baharini mwaka 1803 inaonekana tena mwaka 1807 karibu na bandari ya Falmouth, Uingereza, na ndani yake hakuna hata mtu mmoja aliye hai. Wewe ni mkaguzi wa bima. Unakabidhiwa kitabu chenye orodha ya waliokuwemo na michoro ya sura zao, pamoja na saa ya mfukoni ambayo ukiifungua mbele ya mabaki ya marehemu inakurudisha kwenye dakika yake ya mwisho. Kila sura inatafuta jina lake, na kila jina linatafuta mwisho wake.

Hakuna wa kumpiga risasi wala wa kumkimbia. Unabofya, unatazama, unarudi nyuma, unatazama tena. Jina la baharia mmoja unalipata kwa namba iliyoandikwa kwenye kitanda chake cha kuning'inia, ukaioanisha na namba iliyo kwenye orodha. La mwingine unalipata kwa viatu vyake, au kwa lugha anayoisema, au kwa mtu anayeonekana naye kila mara. Ukishaandika, gemu inanyamaza. Haikwambii umepatia wala umekosea mpaka uwe umepatia watu watatu, majina yao na yaliyowapata, ndipo inawathibitisha kwa pamoja. Anayebahatisha anaweza kuokota mmoja. Watatu hawaokotwi.

Nimeicheza na watoto wa dada yangu. Mkubwa anasoma chuo pale Malimbe, Mwanza, mdogo yuko kidato cha pili. Usiku mmoja yule mkubwa alikuwa ameshika kipanya, amesimama mbele ya mzozo wa watu kadhaa kwenye sitaha, na tayari alikuwa na mtu wake.

"Mjomba, huyu ndiye muuaji," akaniambia. "Mtazame macho yake."

Mdogo wake hakuinua kichwa kutoka kwenye daftari alilokuwa akiandikia dalili. "Kaka, macho si ushahidi. Usitaje jina bado."

Maneno hayo ndiyo yamenifanya niandike makala haya, kwa sababu sisi wa kando ya Ziwa Victoria tuna habari ndefu na majina ya watu. Kuna majina yaliyokosekana pale yalipohitajika, na kuna yaliyotajwa upesi mno.

Nianze na yaliyokosekana. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Ilikuwa imetoka Bukoba, ikapitia Kemondo kuongeza abiria na mizigo. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na watu 443, kwa maana kwamba hao peke yao walishaizidi meli. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana hadi leo ukiuliza ni wangapi walikufa utapewa makadirio: wako wanaosema karibu 900, wako wanaosema 1,000 au zaidi. Wengi walizikwa Igoma, wasafiri wa kila namna wakiwa pamoja. Mwenye uwezo wa kulipia chumba aliandikwa. Mchuuzi wa ndizi aliyekaa chini na mikungu yake hakuandikwa, na ndugu zake walilazimika kuthibitisha kwamba alikuwemo kwa kuuliza nani alimwona gatini, alikuwa amevaa nini, alimuaga nani.

Sithubutu kulinganisha mchezo na msiba. Ila nilipoiona orodha ya Obra Dinn, ambamo baharia wa chini kabisa ana mstari wake chini ya nahodha, na kifo chake kinadai maelezo sawasawa na cha nahodha, nilikaa nayo muda mrefu. Mtu aliyebuni meli isiyokuwapo alihakikisha kila mtu wake ameandikwa.

Kati ya waliozama na MV Bukoba alikuwemo abiria aliyekuwa akisafiri kwa jina lisilo lake. Dunia ilikuja kumfahamu baadaye kama Abu Ubaidah al-Banshiri, mmoja wa makamanda wa juu wa al-Qaeda. Wenzake, akiwemo Fazul Abdullah Mohammed wa Komoro, walifunga safari hadi huku kumtafuta, maana walihitaji kujua kwa hakika kama amekufa. Habari hizo zilielezwa mahakamani New York mwaka 2001, katika kesi ya mabomu ya balozi za Marekani ya Dar es Salaam na Nairobi ya Agosti 1998. Mahali ambapo mamia hawakuwa na jina lolote kwenye karatasi, mtu mwenye jina la uongo naye alipita bila kuulizwa. Orodha mbovu haimpokonyi mnyonge peke yake. Inamfichia pia mwenye la kuficha.

Tukadhani tumejifunza. Tarehe 20 Septemba 2018, wiki nne kabla gemu ile haijatoka, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache tu kabla ya kutia nanga Bwisya, kisiwani Ukara, kikitokea Bugolora siku ya gulio. Uwezo wake ulikuwa takriban watu 100. Walikufa 228, wakaokolewa 41. Ni nani hasa walikuwemo? Taarifa zilizotolewa siku zile zilisema aliyekuwa akikatisha tiketi naye alifariki, na mashine iliyotunza kumbukumbu ikapotea majini. Hesabu ilibidi ifanywe ufukweni, kwa kupanga miili na kusubiri mtu aseme: huyu ni wetu.

Sasa nije kwenye majina yaliyotajwa upesi.

Mtu wa Usukumani hahitaji kuelezwa ramli chonganishi ni nini, lakini nitaisema ili tuitazame vizuri. Mtoto ameugua, au ng'ombe wamekufa mfululizo, au mtumbwi umerudi mtupu wiki nzima. Familia inakwenda kwa mpiga ramli. Yeye hatoki nje kuangalia kisima wala zizi, hamuulizi mganga wa zahanati mtoto alipewa dawa gani. Anatoa maelezo ambayo lazima yataangukia kwa mtu fulani: ni jirani, ni mwanamke, ni mtu mzima, macho yake mekundu. Wanarudi nyumbani wakiwa wameshamjua: ni bibi wa jirani. Na macho ya bibi huyo ni mekundu kweli, kwa sababu amepika kwa kuni mbichi na mavi makavu ya ng'ombe miaka 50 ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi ndio uliompa alama ile. Bibi wangapi wa Mwanza, Shinyanga, Geita na Simiyu wamekatwa mapanga usiku kwa ajili ya moshi?

Ramli hiyohiyo ndiyo iliyowageuza ndugu zetu wenye ualbino kuwa windo. Mwaka 2008 mwandishi wa BBC, Vicky Ntetema, alijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri, akaenda kwa waganga wa kanda hii, akasikia kwa masikio yake biashara ya viungo vya binadamu ikizungumzwa. Alikwenda, akaona, akarudi na ushahidi, kisha akaishi kwa vitisho kwa sababu ya kuusema. Januari 2015 Serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Sheria ya Uchawi tunayo tangu mwaka 1928. Sisemi kwamba kila mganga ni wa namna hiyo. Wapo wanaojua mizizi na majani, na watu wamepona mikononi mwao. Ninamsema yule anayeuza majina.

Ramli inaanza na jina, halafu dalili zinatafutwa za kulifuata. Ukishaambiwa ni bibi fulani, kila anachofanya kinakuwa ushahidi: akikusalimia anajipendekeza, asipokusalimia ana kinyongo, akija msibani amekuja kuona kazi yake, asipokuja anajificha. Hakuna analoweza kufanya likamtoa hatiani. Katika gemu ya uchunguzi jina linakuja mwisho kabisa, na linakuja kwa sababu majina mengine yote yamekataa kukaa pale. Ukikuta dalili moja tu inayokataa, hata kama kumi zimekubali, unafuta na kuanza upya. Nimemwona yule binti wa kidato cha pili akifuta kazi ya jioni nzima kwa sababu ya kiatu kimoja kisichooana. Hakununa. Nilijisikia fahari, na nilitamani wazee wetu wa mabaraza wangekuwapo kumwona.

Wala akili hiyo si ngeni kwetu. Nenda Mwaloni Kirumba alfajiri, magunia ya dagaa yanapofunguliwa mbele ya wafanyabiashara wanaokuja kutoka hata Kongo na Burundi. Mama mmoja mnunuzi ananyanyua kiganja cha dagaa. Anawasugua taratibu kwa kidole gumba, anasikilizia mchanga. Ukiwepo, wameanikwa chini. Usipokuwepo, wameanikwa kwenye chanja. Anatazama tumbo: likiwa la fedha inayong'aa, wamekauka kwa jua la siku moja, likiwa limeingia manjano, kuna mawingu yaliwapitia. Anavunja mmoja, ananusa. Anaingiza mkono hadi katikati ya gunia, maana muuzaji huweka wazuri juu. "Hawa walinyeshewa wakarudishwa juani," anasema, na muuzaji anashusha bei bila kubisha, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mama yule hakuwepo dagaa walipoanikwa huko kisiwani. Amejua kwa kusoma alama, na hakutamka neno mpaka alama zote zilipokubaliana. Kwa dagaa tunadai ushahidi. Kwa bibi wa jirani tunaridhika na fununu.

Hata fasihi yetu ilishalisema hili mapema. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, alimleta mpelelezi Bwana Msa na kiko chake mahali ambapo maiti imekutwa kwenye mzimu na hofu ya mizimu imewatanda watu. Bwana Msa hatishiki. Anauliza, anasikiliza, anapima maneno ya huyu kwa maneno ya yule, anamtafuta binadamu aliyefanya kazi ya mikono ya binadamu. Kizazi kizima kilisoma vitabu vile shuleni na majumbani. Ninavyoona mimi, vijana wanaobofya gemu hizi leo wanafanya kazi ileile ya Bwana Msa, ila sasa wao ndio wanaouliza, hawasubiri kusimuliwa.

Nyingine ninayowapendekezea wazazi ni The Case of the Golden Idol, iliyotoka mwaka 2022, ya ndugu wawili wa Latvia, Andrejs na Ernests Kļaviņš. Hiyo ni ya kubofya tu: tukio limegandishwa pale mtu anapokufa, unapekua mifuko ya waliopo, unasoma barua, unakusanya maneno, kisha unayapanga kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Ina vifo, kwa hiyo si ya watoto wadogo. Na haina Kiswahili, jambo linalowaweka nje vijana wengi wenye akili ya kuicheza.

Hapo nina ombi. Vijana wetu wanaosomea programu za kompyuta hapa Mwanza, tutengenezeeni gemu ya Kiswahili ya namna hii. Nawaomba msiguse MV Bukoba wala MV Nyerere; makaburi ya Igoma na Bwisya bado yana wenyewe wanaokwenda kuyafagia. Chukueni mwalo wowote wa kubuni. Injini ya mtumbwi imeibwa usiku, tajiri ameshakwenda kwa mpiga ramli, na kijana mmoja mvuvi ametajwa. Mchezaji apewe usiku mmoja kabla kundi halijakusanyika: asome daftari la mafuta, akague nyayo kwenye tope, aulize nani aliwasha karabai saa ngapi na mwezi ulichomoza lini. Kila mchezaji atakayepata mwizi wa kweli atakuwa pia amemwokoa aliyetajwa bure.

Nawe msomaji, huhitaji kompyuta kuanza. Atakapokuja mtu kwako na jina la jirani, shemeji au binti wa kazi, muulize amejuaje. Ameona nini kwa macho yake, lini, na nani mwingine aliona. Akikosa jibu, jina hilo lisivuke mlango wako.