Haki ya Herufi

Je, kompyuta imtii mwandishi, au mwandishi aitii kompyuta? Swali hili ni la haki kabla halijawa la ufundi.

Mwaka 1963 Marekani ilitoa kanuni ya kuzipa herufi namba, yenye nafasi 128 tu. Kiingereza kilienea humo. Lugha nyingi zilibaki mlangoni. Kituruki, kilichopokea alfabeti ya Kilatini mwaka 1928, kina i mbili: yenye nukta, ambayo kubwa yake ni İ, na isiyo na nukta, ı, ambayo kubwa yake ni I. Mfumo endeshi ukishika desturi ya Kiingereza, huifuta nukta, na jina la mtu likawa si lake. Ukiitia desturi ya Kituruki hata katika amri zake za ndani, amri hazitambulikani, na kazi husimama.

Yunikodi ya mwaka 1991 ilipanua hazina ya herufi, lakini namba ya i ni moja kwa Mturuki na kwa Mwingereza. Desturi haimo katika namba.

Basi hekima ni kutenga mambo. Amri zifuate kanuni moja. Desturi imhudumie msomaji. Maandishi yahifadhiwe yalivyoandikwa. Mwekewa amana huilinda, haigeuzi.