Ubora wa Bingwa na Uzito Wake

Katika Michezo ya Olimpiki iliyofanywa Mexico mwaka 1968, kikombe cha Val Barker, kilichowekwa kwa ajili ya bondia mwenye ustadi kupita wenzake wote pasipo kujali uzito, alipewa Philip Waruinge wa Kenya. Waruinge alipigana katika uzito wa unyoya, usiozidi kilo 57, na medali aliyovishwa ilikuwa ya shaba. Katika michezo hiyo hiyo George Foreman wa Marekani, mtu wa uzito wa juu, alitwaa dhahabu. Basi waamuzi walimtazama mwenye dhahabu, ambaye yamkini angaliweza kumbeba Waruinge begani, wakamtazama na mwenye shaba, wakasema mwenye shaba ndiye fundi zaidi. Wala hukumu hiyo haikuwa ya kwanza ya namna yake. Kikombe hicho kilipotolewa mara ya kwanza, Berlin mwaka 1936, kilikwenda kwa Louis Laurie wa Marekani, aliyepigana katika daraja jepesi kuliko zote za wakati ule, na medali yake ilikuwa ya shaba vile vile.

Mwenye haraka ya kuhukumu ataona hapa kichekesho. Kama Waruinge na Foreman wangaliingia ulingoni pamoja, hapana mwenye akili timamu ambaye angaliweka shilingi yake kwa mdogo. Lakini waamuzi hawakuulizwa nani angalimwangusha nani. Waliulizwa nani bora. Na kushinda na kuwa bora ni mambo yaliyofanana sura kiasi cha kudhaniwa kuwa mamoja. Mchezo wenyewe ulikiri kuwa si mamoja siku ulipowatenganisha watu kwa mizani. Daraja za uzito ziliwekwa ili mtu asishindwe na kitu ambacho si ustadi.

Wapenzi wa ngumi wana msemo wao, "ratili kwa ratili", ulioambatana zaidi na jina la Sugar Ray Robinson wa Marekani, bingwa wa dunia wa uzito wa welta tangu 1946, kisha wa uzito wa kati mara tano kati ya 1951 na 1960. Maana yake kwa wengi ni kwamba kama mabingwa wote wangalikuwa na mwili wa kadiri moja, Robinson angaliwashinda. Msemo ni mtamu, lakini ukifunuliwa ndani yake mna shimo. Galileo alikwisha kuonyesha mwaka 1638 kwamba kiumbe hakikuzwi kama picha inavyokuzwa. Kimo kikiongezwa mara mbili, na upana na unene vivyo hivyo, uzito huongezeka mara nane, hali upana wa mfupa na msuli unaoubeba uzito huo, ukikatwa na kupimwa, umeongezeka mara nne tu. Robinson aliyekuzwa hata kufikia kimo na uzito wa Joe Louis asingalikuwa Robinson. Wepesi wa miguu yake na kasi ya mkono wake vilikaa katika mwili ule ule mdogo, kama sauti ya zumari inavyokaa katika wembamba wake. Mwenye kuwapambanisha wawili hao katika mawazo hupambanisha mtu na kivuli alichokichora mwenyewe, na kila mmoja huchora kivuli kitakachompendeza.

Wako wasemao kwamba njia iliyo salama ni kuwatazama waliopanda daraja kweli. Hoja hii ina nguvu. Henry Armstrong, mwezi wa Agosti 1938, alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa unyoya, uzito mwepesi na welta kwa wakati mmoja, katika zama ambazo daraja zote zilikuwa nane. Robinson naye alipanda. Tarehe 25 Juni 1952, New York, alimkabili Joey Maxim, bingwa wa daraja iliyo juu ya uzito wa kati, aliyemzidi ratili kama 15. Joto lilikaribia digrii 40. Mwamuzi wa ulingoni alizidiwa na joto hilo baada ya raundi ya 10, ikabidi aletwe mwingine. Robinson alikuwa mbele katika hesabu za waamuzi wote, lakini baada ya raundi ya 13 hakuweza kuinuka kitini. Je, usiku ule ulimshusha au ulimpandisha? Kitabu cha matokeo kina neno moja tu, kushindwa, na mtu aliyemzidi mkubwa wake kwa raundi nyingi amefichwa nyuma ya neno hilo. Tena kipimo hiki cha kupanda kina dhuluma yake: siku hizi daraja zimepita 16 na vyama vya kutoa mataji ni vingi, hata idadi ya mikanda ya mtu wa leo haiwezi kuwekwa kando ya ile ya Armstrong. Na bingwa wa uzito wa juu, ambaye juu yake hapana daraja, apande wapi?

Linabaki swali lililo gumu zaidi. Ikiwa uzito huondolewa katika hesabu kwa sababu mtu hakujipa mwenyewe, mbona urefu wa mkono hauondolewi? Mbona macho makali na moyo usiotetemeka huhesabiwa kuwa sifa yake, navyo pia amezaliwa navyo? Jibu la kweli halina fahari kubwa. Uzito ulitengwa kwa kuwa hupimika asubuhi ya pambano. Hayo mengine yaliachwa kwa kuwa hayana mizani. Mpaka kati ya alichopewa mtu na alichokifanya haukuchorwa na haki peke yake. Kwa hiyo anayetafuta ubora hana budi kutazama matumizi: bondia anaona nini, anadanganya vipi, anageuza nini shauri lake la kwanza linapovunjika. Mambo hayo huonekana kwa mwembamba na kwa mnene. Ndiyo maana hukumu ya Mexico ilikuwa halali, hali orodha ya mabingwa iliyopangwa toka wa 1 hadi wa 100 ni mchezo tu.

Na mdogo asipendelewe kwa huruma. Tarehe 18 Juni 1941, New York, Billy Conn alipambana na Joe Louis, bingwa wa uzito wa juu tangu 1937, aliyemzidi ratili 25 hivi. Baada ya raundi 12, hesabu mbili kati ya tatu zilimweka Conn mbele, na ya tatu iliwalinganisha. Zilisalia raundi tatu, na Conn angaliweza kuzipitisha akicheza mbali. Badala yake alikwenda kumtafuta Louis ili amwangushe, akaangushwa yeye, zikiwa zimesalia sekunde chache raundi ya 13 kwisha. Walioandika kwamba uzito ndio ulioshinda walimpunja Louis. Ratili zile alikuwa nazo tangu kengele ya kwanza; alichofanya ni kuvumilia kupitwa usiku kucha, jicho lake lisibanduke, hata Conn alipofungua mikono yake.