Furaha Iliyonifichua

Likizo iliyopita niliuza nyanya sokoni Kalerwe, mimi na mwenzangu chini ya tajiri mmoja. Wateja walipomkimbilia yeye, nilisema "Mashallah". Tajiri alipomkaripia kwa hesabu kupungua, nilimpa pole, lakini moyoni nilifurahi. Hapo nikajijua.

Ndugu zangu, tunamtafuta hasidi kwa wenzetu tu. Imam Ghazali, katika Ihya, anaeleza kuwa husuda hukithiri baina ya wanaogombea jambo moja: mwanachuoni kwa mwanachuoni, mfanyabiashara kwa mfanyabiashara. Dawa ni kuupinga moyo: ukitaka kumponda, msifu.

Kesho yake nilimsifu mbele ya tajiri, ulimi mzito. Je, huo si unafiki? Hapana. Mnafiki huficha maradhi yabaki. Mgonjwa humeza dawa chungu apone.