Anayesuka msala naye ana haki zake

KATIKA vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, ukipita nyumba baada ya nyumba wakati wa kiangazi, hutakosa kumkuta mama kakaa kivulini, miguu kainyoosha, ukili mkononi. Wengine husuka mikeka ya kulalia, wengine misala ya kuswalia. Mabinti nao, hasa wa mjini, hufuma vitambaa vya makochi na vya meza. Lakini mume wa mama huyo akiulizwa mkewe anafanya kazi gani, mara nyingi atajibu: "Yupo tu nyumbani." Na pengine mkeka anaoukalia wakati akijibu hivyo umesukwa na huyo huyo "aliyepo tu".

Ndugu msomaji, swali ninalotaka tulitazame ni hili: je, muda ambao mama huyu anaupeleka kwenye ukili au uzi ameuiba kutoka kwa watoto, mume, shamba na ibada? Au ni muda wake wa haki? Wapo wanaume wanaolalamika kuwa mke kazama kwenye kufuma hadi chakula kinachelewa. Wapo wanawake wanaosema kuwa bila mkeka huo chakula chenyewe kisingekuwepo. Kila upande una hoja, kwa hiyo tusikimbilie kuhukumu.

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Ukindu hukatwa bondeni, huanikwa, huchanwa, hutiwa rangi kwa kuchemshwa, kisha husukwa ukili mrefu ambao mwisho hushonwa upande kwa upande mpaka ukawa mkeka. Mkeka mmoja huchukua siku nyingi, kwa sababu hakuna mama anayepata nafasi ya kusuka kutwa nzima. Anasuka mboga ikiwa jikoni. Mtoto akilia, ukili huwekwa chini na hauharibiki. Kufuma nako ni vivyo hivyo. Kazi hizi zinakubali kukatizwa, na ndiyo maana zimekuwa kazi za watu ambao muda wao unadaiwa na kila mtu. Mama hakuchagua mkeka kwa sababu ana nafasi nyingi. Aliuchagua kwa sababu hana nafasi.

Pili, tuutazame uchumi wa nyumba zetu. Fedha ya korosho huja kwa msimu. Mzigo hupelekwa chama cha msingi, huuzwa mnadani kupitia Chama Kikuu cha RUNALI kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na malipo huenda kwa mkulima aliyeandikishwa, ambaye katika nyumba nyingi ni mume, hata kama walioziokota korosho hizo ni mke na watoto. Lakini chumvi, sabuni, mafuta ya taa na daftari la mtoto havingoji mnada. Hivyo hutoka kwenye mkeka. Kwa hiyo anayesema kusuka ni kupoteza muda, ajiulize daftari la mwanawe lilinunuliwa na nani.

Dini yetu inasemaje kuhusu kazi ya mikono? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokipata kwa kazi ya mkono wake, na akatupa mfano wa Nabii Daud (a.s.). Qur'an katika Surat Sabaa inaeleza kuwa Nabii Daud alilainishiwa chuma, akaamrishwa atengeneze deraa na apime vizuri pete zake. Katika aya hiyo hiyo ikafuata amri ya kutenda mema. Kipimo cha kazi na wema wa mtendaji vimewekwa pamoja. Bi Zaynab bint Jahsh (r.a.), mke wa Mtume, alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka kutokana na kazi hiyo.

Lakini mfano unaotugusa zaidi ni wa Salman al-Farisi (r.a.). Inasimuliwa kuwa alipokuwa gavana wa Madain aliendelea kusuka majani ya mtende na kula kutokana na jasho lake. Na ni Salman huyu huyu aliyemtembelea nduguye Abu Dardaa, akamkuta amezama katika kufunga na kuswali usiku hadi mkewe amesahauliwa. Salman akamwambia kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki na watu wake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa, alisema Salman kasema kweli.

Tuzingatie hapo. Abu Dardaa hakuwa amezama katika upuuzi. Alizama katika ibada, na bado aliambiwa apime. Ikiwa ibada ya sunna yenyewe inapimwa, basi mkeka na kitambaa navyo vitapimwa. Lakini kupima hakuna maana ya kugawa siku mafungu yaliyo sawa. Maana yake ni kumpa kila mwenye haki kile anachostahiki kwa wakati wake.

Kwa msukaji, kipimo kinaanzia kwenye swala. Itakuwa ajabu mtu asuke msala wa wengine kuswalia huku Alasiri yake ikimpita kwa sababu ya "nimalizie pindi hili tu". Kinafuatia kwa watoto. Binti kumsaidia mama kusuka baada ya masomo ni malezi na ni urithi wa ujuzi, lakini binti kubakizwa nyumbani siku ya shule ili oda ikamilike ni dhulma. Na oda nayo ni ahadi. Aliyepokea fedha ya watu mapema amejifunga, basi asipokee nyingi kuliko mikono yake inavyoweza.

Kwa mume, kipimo ni kikali zaidi, kwani yeye ndiye mwepesi wa kuwapimia wengine. Matumizi ya nyumba, yaani nafaka, mavazi na makazi, ni wajibu wake kisheria, na mali ya mke ni ya mke. Mke wa Abdullah bin Mas'ud (r.a.) alipouliza kama inamtosheleza kumpa sadaka mumewe na mayatima walio katika malezi yake, Mtume (s.a.w.) alijibu kuwa ana ujira mara mbili: wa udugu na wa sadaka. Kama ni sadaka, basi si deni. Mume anayeacha kununua sabuni kwa kuwa "mama fulani ana mikeka yake" amegeuza hisani ya mke kuwa kodi. Kisha anarudi kulalamika kuwa mke hana muda!

Aidha, Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alifanya nini nyumbani, alisema alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na ikifika swala hutoka. Katika riwaya nyingine alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake. Basi kama chakula kinachelewa kwa sababu mama anamalizia mkeka wa kulipia mahitaji, kuchota maji au kumshika mtoto hakumpunguzii mume heshima.

Na sisi wanunuzi tusijitoe. Tunamkuta mama sokoni au kando ya barabara, anataja bei, tunaikata nusu na kuondoka tukijisifu. Nabii Shuaib (a.s.) aliwakataza watu wake kupunja mizani na kuwapunguzia watu vitu vyao. Siku nyingi za mikono ya mtu ni kitu chake. Kupatana bei ni halali, lakini kuitumia shida ya mtu ili umlipe chini ya jasho lake ni jambo la kumuogopea Allah. Tukimlipa haki, huenda akasuka mikeka miwili badala ya minne, na muda uliobaki ukarudi kwa watoto, kwenye darsa na kwenye mapumziko yake.

Kwa hiyo uwiano tunaomdai mama haumo mikononi mwake peke yake. Sehemu yake iko kwa mumewe na sehemu nyingine iko mfukoni mwa mnunuzi. Kabla ya kumuuliza kwa nini kashika ukili muda mrefu, kila mmoja wetu aangalie ni haki ipi ya mama huyo ameishikilia.

Wabillahi tawfiq.