Mbwa Akijikuna, ni Shauri la Nani?



Mtu akipita vijiji vya Kisarawe kuelekea Maneromango, au pembezoni mwa Kibaha mahali nyumba zinapokwisha na mihogo kuanza, atawaona mbwa wamelala vumbini wakijikuna. Wengine wamenyonyoka manyoya shingoni na mgongoni. Mbwa hao si wa mapambo. Usiku ndio walinzi wetu, na mahindi yakikomaa ndio wanaofukuza ngedere na nguruwe wa porini. Mshahara wao ni ukoko wa ugali, tena siku ukisalia.

Basi mbwa huyu akijaa chawa, je, ni shauri la nani?

Angalieni tunavyofanya na wadudu wengine. Kupe wa ng'ombe twapigana naye, majosho yakajengwa, kwa sababu huleta ndigana, na ng'ombe akifa mali imekufa. Mbwa twampeleka kuchanjwa ili asipate kichaa akatuuma. Pale Kibaha kilifunguliwa kiwanda mwaka 2015 cha kutengeneza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, kwa kuwa mbu hutuletea malaria. Yote ni mema. Lakini kila mara anayeokolewa ni sisi wenyewe au mfuko wetu.

Chawa wa mbwa ni jambo jingine. Kila chawa ana mnyama wake: wa mbuzi hukaa kwa mbuzi, wa kuku kwa kuku, na wa mbwa huzaliwa, hula, huzaa na kufa ndani ya manyoya ya mbwa. Akianguka chini hudumu siku chache tu. Kwetu hahamii. (Mtoto akimmeza kwa bahati mbaya aweza kupata tegu, lakini hilo si la kila siku.) Kwa hiyo anayeumia ni mbwa peke yake, na hapo ndipo huruma yetu inapopimwa, maana hakuna faida ya kuisukuma. Katika kitabu cha Kutoka, pigo la tatu la Misri lilikuwa chawa, nalo liliwapata watu na wanyama pamoja. Wanyama wale hawakuwa na neno lolote na Musa.

Mtoto mmoja wa darasa la kipaimara aliuliza: kama tunamhurumia mbwa, mbona chawa hatumhurumii, naye si kiumbe? Swali zuri, na wakubwa wasilicheke. Mimi naona hivi. Chawa hana kosa, anakula alichoumbiwa. Lakini mbwa tulimwita sisi. Tulimtoa kwa mama yake, tukampa jina, tukamfunga kamba mlangoni. Aliyemwita mlinzi ana deni kwake. Chawa hatukumwita, wala hatumdai ulinzi.

Tena chawa huzidi kwa mnyama aliyedhoofishwa na njaa au minyoo. Wingi wao ni hesabu ya ukoko tulioupunguza. (Siku hizi vijana humwita “chawa” mtu anayejipendekeza kwa wakubwa. Wamemwonea mdudu: yeye hustawi kwa aliyekonda, wale hufuata aliyenona.)

Wengine husema mbwa ni najisi, asiguswe. Majirani zetu Waislamu wengi hujihadhari na mate yake, ndiyo sababu hulala nje. Lakini wao hao husimulia habari za mtu aliyemnywesha maji mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi zake. Najisi haikumzuia mtu yule. Nasi twaishi chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mwenye mnyama amkinge na mateso.

Neno gumu ni hilo, “mwenye mnyama.” Mbwa hubwekea nyumba tatu, hula katika nyumba tatu, na siku ya kuoshwa hana mwenyewe. Mzee mmoja husema hana hata sabuni ya kufulia shati lake. Simlaumu. Ila sabuni ile ile ya kufulia, na kitana, na gunia kuukuu la kulalia likianikwa juani, huanza kazi, na nyumba tatu zikichanga bei ya dawa ya mifugo hupungua. Oili chafu ya gari ambayo wengine hupaka ni sumu, maana mbwa huiramba. Na dawa ya mbwa asipakwe paka kabla ya kumwuliza bwana mifugo, kwani ziko zinazomwua.

Mayai ya chawa hugandamana na nywele, na dawa nyingi haziyaui. Yakianguliwa, shida huanza upya, ndiyo maana dawa hurudiwa baada ya wiki mbili. Na kwa kuwa chawa hupita kutoka mbwa hadi mbwa wanapolala pamoja, ukimtibu wako peke yake umepoteza dawa. Mbwa wote wa jirani watibiwe siku moja, kwa hiyo nyumba zile tatu hazina budi kwanza kukaa na kuzungumza.