Amri Haimalizi Kitendo

Tumezoea kudhani kwamba kutii hakuhitaji chochote kutoka kwa anayetii. Mwenye amri husema, mtii hutenda, na kitendo chote huhesabiwa kuwa cha aliyeamuru. Dhana hii tunaipeleka hata mwilini: neva huamuru, misuli hutekeleza. Tumbo la kamba koche linatupa sababu ya kuikataa.

Kamba huyu husaga chakula kwa meno matatu yaliyomo tumboni mwake. Misuli ya tumbo hilo huongozwa na fundo dogo la neva lenye seli zipatazo 30. Humo huzaliwa mapigo ya namna mbili: ya haraka, yanayojirudia takriban kila sekunde moja kuendesha sehemu ya kuchujia chakula, na ya polepole zaidi, yanayoendesha meno. Mingi ya misuli inayopokea mapigo hayo ni mizito. Msisimko mmoja wa neva hauitikisi sana. Na ikishajikaza, huchukua muda mrefu kulegea.

Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba kinavuja, na kasi ya kuvuja ndiyo inayoamua kitakachobaki. Pigo la pili likifika kabla misuli haijalegea, mkazo hujengwa juu ya mkazo. Mwaka 1998, Lee Morris na Scott Hooper walionyesha, kwa kamba koche wa pwani ya California, kwamba kwa njia hii neva inaweza kutuma mapigo huku misuli ikijibu kwa mkazo wa kudumu. Mwaka 2000, wao na mwenzao walionyesha jambo zito zaidi: misuli iliyounganishwa na seli za mapigo ya haraka peke yake ilijongea kwa kufuata mwendo wa mtandao mwingine wa neva, ulio wa polepole. Mtandao huo hubadilisha kidogo kidogo nguvu ya mapigo ya haraka, na misuli, kwa kushindwa kufuata kila pigo, hudhihirisha badiliko hilo.

Atatokea wa kusema kwamba huu ni upungufu tu: misuli imechelewa, basi. Ni kweli kuna kinachopotea. Pigo mojamoja halionekani tena. Lakini upungufu mtupu ungetuachia pungufu ya kilichotumwa. Hapa kinajitokeza kitu ambacho jicho linalohesabu kila pigo lingekiona kwa taabu, nacho ni mwelekeo wa mapigo mengi kwa pamoja. Uzito wa misuli ni namna ya kuyahifadhi yaliyopita ndani ya wakati uliopo. Kumbukumbu hiyo haina nia wala fikra, ila inafanya kazi: jibu la sasa hutegemea yaliyotangulia.

Kwa hiyo ukiijua neva peke yake, hujakijua kitendo. Seli ileile hutuma ujumbe uleule kwa misuli kadhaa, na kila msuli huutendea kwa kadiri ya umbile lake. Simaanishi kwamba amri ni kitu bure. Bila mapigo misuli hiyo isingetenda kazi yake. Namaanisha kwamba amri ni nusu ya sababu, na nusu ya pili imo ndani ya anayeipokea. Anayetaka kueleza kwa nini jambo limetendeka hana budi kuuliza mara mbili: ni nini kilichotumwa, na ni nani aliyekipokea.